Acheni Kufomati Flashi Inayokufa!

Jamani, kuna ushauri mmoja ambao lazima tuuzike. Flashi diski ikikataa kusoma faili, jibu utakalopewa, iwe saiba au kwa fundi wa mtaani, ni: "Ifomati tu, itakuwa sawa." Haitakuwa sawa, na picha za harusi au kazi yako ya chuo itakuwa imeenda.

Tuelewane kwanza. Bloku mbovu si ajabu. Chipu za NAND hutoka kiwandani zikiwa nazo. Chukua Samsung K9F1G08: ina bloku 1024, na mtengenezaji mwenyewe aliahidi angalau 1004 tu ziwe nzima. Nyingine huharibika kwa matumizi, kwa sababu kila kufuta na kuandika huchosha tabaka jembamba linalozuia elektroni zisitoroke. Ndani ya flashi kuna kontrola, ubongo mdogo ambao huziruka bloku mbovu na kutumia za akiba bila wewe kujua.

Kwa hiyo siku kompyuta inapoanza kuuona ubovu huo, mara nyingi akiba imekwisha au kontrola yenyewe inakufa. Fomati ya haraka itasaidia nini hapo? Inaandika upya orodha ya faili, basi. Haikagui bloku zako.

"Lakini chkdsk huweka alama sehemu mbovu!" Ndiyo, na mbinu hiyo ilitungwa kwa diski zinazozunguka, ambapo sekta hukaa mahali pake. Kwenye flashi, kontrola huhamahamisha data. Anwani uliyoitia alama leo, kesho inaweza kuelekezwa kwenye bloku nyingine kabisa. Wengine huendesha badblocks -w, ambayo huandika diski nzima mara nne na kufuta kila kitu! Mgonjwa anahema, wewe unamkimbiza uwanjani.

Fanya hivi. Jaribu porti nyingine na kompyuta nyingine, huenda tatizo liko huko. Likibaki, usiandike chochote humo. Nakili kwa ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu zinazosomeka na kurudia zile ngumu baadaye. Kisha itupe. Flashi mpya ipime kwa F3 au H2testw kabla ya kuiamini, maana zipo zinazodanganya ukubwa wake.

Anayekutoza pesa kwa kufomati flashi ya namna hiyo hajatengeneza kitu. Sikio la kufa halisikii dawa. Okoa data, achana na plastiki.