Mionzi ya Simu na Mtoto Aliye Tumboni

Lugha yetu imetutia hofu bila kukusudia. Twasema mionzi ya eksirei na mionzi ya simu kana kwamba zote ni za ukoo mmoja. Kumbe tofauti ni kubwa. Eksirei ina nguvu ya kung'oa elektroni katika atomu na kuharibu chembe za uhai. Katika miaka ya 1950, daktari Alice Stewart wa Uingereza alionyesha kwamba watoto waliopigwa eksirei wakiwa tumboni walipatwa na saratani zaidi kuliko wenzao. Alibishiwa kwa miaka mingi kabla ya kusadikiwa. Mawimbi ya simu hayana nguvu hiyo. Athari yake iliyothibitishwa ni kuupasha mwili joto, tena kidogo.

Je, shauri limekwisha? La. Wapo watafiti walioweka simu karibu na mayai ya kuku yaliyoatamiwa kwa mashine, wakaripoti viinitete vilivyodhurika. Lakini yai huhitaji joto la takribani nyuzi 37.5, na simu inayofanya kazi hutoa joto lake. Asiyelipima hilo hajui amejaribu nini. Huko Denmark, utafiti wa mwaka 2008 uliohusu watoto zaidi ya 13,000 ulihusisha matumizi ya simu wakati wa ujauzito na matatizo ya tabia kwa watoto, ila watafiti wenyewe walionya kwamba huenda chanzo ni kingine. Nayo Ufaransa, kwa agizo la 2019, yataka mtumiaji ashauriwe kuweka simu mbali na tumbo la mjamzito. Hiyo ni tahadhari, si hukumu.

Ninachokipinga ni kumwambia mama wa kijijini aitupe simu. Uchungu ukimshika usiku wa manane, ni kwa simu hiyo atakapomwita mkunga na bodaboda. Aitie mkobani badala ya kuifunga kiunoni, maana hata umbali mdogo hupunguza mawimbi sana. Lakini asikae bila hiyo.

Na wewe raia wa Uganda, ukiona mnara umesimikwa jirani na zahanati yenu, usiuachie uvumi ukujibu. Ibara ya 41 ya Katiba ya 1995 yakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Iandikie Tume ya Mawasiliano, uulize vipimo vya mawimbi mahali hapo. Sheria ya mwaka 2005 yampa ofisa siku 21 za kukujibu, muda uleule ambao yai la kuku huhitaji ili lianguliwe.