TEMBO LA PILI: JE, LIMETIWA MAJI?

Wahenga walinena: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii yawapata sana watengenezaji wa senema za kutisha. Wakisha kusifiwa kwa picha moja, huharakisha kuleta ya pili, yenye damu nyingi zaidi na fikira chache zaidi. Je, George Romero wa Marekani naye alilitia maji tembo lake?

Mwaka 1968 Romero alitoa Night of the Living Dead, yaani Usiku wa Wafu Walio Hai, picha isiyo na rangi iliyogharimu dola zipatazo 114,000. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani. Nje wafu wamefufuka, nao wala watu. Aliye hodari kuliko wote ni Ben, mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Lakini badala ya kuungana, wagombana: mmoja ataka wajifiche katika chumba cha chini, Ben ataka wailinde milango. Fitina hiyo yawadhoofisha, nao wafu wapata njia. Ben peke yake aiona asubuhi. Naye apigwa risasi na hao hao waliokuja kuwasaka wafu, wakidhani ni mfu, na maiti yake yachomwa moto. Picha hiyo ilionyeshwa Oktoba, miezi sita baada ya kuuawa Martin Luther King. Watazamaji hawakuhitaji mfasiri.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, ikaja Dawn of the Dead, yaani Alfajiri ya Wafu, yenye rangi, iliyopigwa katika jumba kubwa la maduka la Monroeville, karibu na Pittsburgh. Wafu wazunguka humo kwa mazoea ya uhai wao. Walio hai, watu wanne, wajifungia humo na makoti ya manyoya na noti za benki zisizonunua kitu. Genge la wapanda pikipiki lijapo kupora, mmoja wao afyatua risasi kulinda mali isiyokuwa yake kamwe, naye aangamia. Hapo Romero asema kweli: mali yaweza kumtawala mtu hata baada ya kufa kwake.

Kwa hiyo twakiri kwamba tembo hili la pili halikutiwa maji. Picha ya kwanza yashitaki utengano. Ya pili yashitaki tamaa. Lakini kwa ujasiri, ya kwanza yashinda. Katika ya pili wafu warushiwa keki usoni, watu wakacheka. Na Peter, shujaa mweusi, ambaye kwanza iliandikwa kwamba ajiue, abadilishiwa mwisho akaruka salama kwa helikopta. Hatumwonei kijicho kwa uhai wake. Twasema tu kwamba mtazamaji aliyefarijiwa hulala usingizi, na aliyeumizwa moyo hukesha akifikiri.

Basi, ndugu msomaji, ukiziona zote mbili usihesabu damu. Jiulize ni ipi iliyokufuata mpaka nyumbani.