Mwalimu Aliyeipa Salsa Hesabu

Bila shaka umewahi kuliona jambo hili katika harusi hapa Eldoret. Rumba ya Kongo inapofunguliwa, mzee wa miaka 60 anainuka na kuisakata kama aliyezaliwa nayo. Mwanawe aliye chuoni anamwomba amfundishe. "Tazama miguu yangu tu," mzee anajibu huku akicheka. Kijana anatazama, anajikwaa, anarudi kitini. Si kwamba mzee ni mchoyo. Hajui tu namna ya kukieleza anachokifanya.

Kutazama miguu ndiko kulikomfunza pia Eddie Torres, aliyezaliwa New York mwaka 1950 na wazazi waliotoka Puerto Rico. Ukumbi wa Palladium, ngome ya dansi ya mambo (ndilo jina lake, wala si mambo yetu haya!), ulifungwa 1966. Walioijua dansi hiyo waliibeba miguuni mwao, na Torres akawa akiiba hatua kwa macho katika kumbi za usiku.

Kisha akakutana na June LaBerta, mama aliyekuwa mwalimu wa dansi. Huyo alimhimiza asome muziki, ajue kila hatua yake inaangukia pigo lipi, na kila hatua aipe jina. Kwa maoni yangu, hapo ndipo Torres alipoacha kuwa mchezaji hodari tu akawa mwalimu. Mwaka 1980 alianzisha kikundi kilichocheza na bendi ya Tito Puente, na darasani mwake wakapita wanafunzi ambao nao walikuja kuwa walimu.

Hesabu yake ni hii: unakanyaga 1, 2, 3, unatulia 4; unakanyaga 5, 6, 7, unatulia 8. Mwili hubadili mwelekeo katika 2 na 6. Kwa nini 2? Kwa sababu hapo ndipo ngoma ya konga hupiga kofi lake kali. Leo mtindo huo huitwa salsa ya New York, na hufundishwa mbali sana na New York.

Torres hakuivumbua salsa, kama vile Bruda Colm O'Connell hakuvumbua mbio alipofika Iten mwaka 1976. Watu walikuwa wakikimbia.

Wapo wanaonung'unika kwamba hesabu huua ladha, na kweli baadhi ya wakongwe wa mambo walikanyaga 2, 3, 4 wala hawakuhitaji darasa. Siwalaumu. Lakini fikiria ni hatua ngapi zimezikwa pamoja na wenyewe kwa kukosa jina.

Nawe usidhani salsa ni ya wageni. Tangu miaka ya 1930 sahani za santuri za Kuba zilizoitwa G.V. ziliuzwa Afrika, na wanamuziki wa Kongo wakachota humo. Sikio lako limeizoea zamani.

Basi leo baada ya chakula, fungua salsa yoyote ya taratibu. Mama ahesabu kwa sauti, watoto wakanyage, na baba asimame katikati ya sebule. Akimaliza wimbo mmoja, mwulizeni ile hatua yake ya harusini huanzia pigo la ngapi. Asipojua, arudie polepole huku mmoja wenu akihesabu, mpaka mlipate.