DAFTARI JIPYA, WIMBO WA NANI?

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Wasanii wetu wameijua maana ya methali hii kwa machozi. Wimbo unapigwa katika daladala, unapigwa harusini, unapigwa katika simu za watu kutoka Mwanza hata Mombasa, na aliyeutunga anakopa nauli ya kurudi kwake. Mwulize wimbo wake umesikilizwa mara ngapi, hajui. Mwulize fedha imepitia mikono ya nani, hajui. Daftari liko kwa mwingine.

Basi sasa limeletwa daftari jipya. Jina lake ni blokucheni. Na kwa kuwa vijana wetu wanaulizana habari zake, na wengine wamekwisha kuombwa fedha na sahihi zao, yatupasa sisi wa Chama tuseme wazi lipi ni kweli na lipi ni ulaghai.

Mwezi uliopita, hapa Mwanza, vijana sita wa kikundi kimoja cha muziki walinijia baada ya mkutano wa tawi. Walikuwa na karatasi mkononi. Bwana mmoja aliyevaa vizuri alikuwa amewakusanya ukumbini akawaambia siku za kunyonywa zimekwisha. Kila mmoja atoe shilingi 50,000, nyimbo zao zitiwe katika blokucheni, na mashabiki wa dunia nzima watawalipa moja kwa moja, bila mtu wa kati. Nikaisoma karatasi ile. Kifungu cha saba kilisema kwamba nusu ya mapato ya kila wimbo itakuwa mali ya bwana yule, milele. Kumbe mtu wa kati katolewa mlangoni, akaingia kwa dirishani!

Vijana wakaniuliza, "Ndugu Katibu, tutie sahihi?" Makala hii ndiyo jibu langu.

Kwanza tuseme haki. Blokucheni si uchawi, wala si uongo. Ni daftari ambalo nakala zake zimo katika kompyuta nyingi kwa wakati mmoja, wala halifungiwi katika kabati la mtu mmoja. Kila ukurasa mpya hufungamanishwa na ule uliotangulia, hata mtu akitaka kufuta mstari wa jana, nakala nyingine humsuta. Tena daftari hili laweza kupewa amri: fedha ya wimbo huu ikiingia, mwimbaji apate fungu hili, mpiga gitaa fungu hili, mtayarishaji fungu hili, na mgao ukafanyika papo hapo bila kumsubiri karani. Oktoba 2015 mwimbaji wa Uingereza, Imogen Heap, aliuza wimbo wake "Tiny Human" kwa njia hiyo, na walioshiriki kuutengeneza wakawekewa mafungu yao. Mauzo yalikuwa dola 133 hivi. Hatumcheki, alikuwa anafungua njia. Lakini somo lipo: daftari lilifanya kazi yake sawasawa, wala daftari peke yake halikuleta wanunuzi.

Na sababu ya vijana kulitamani daftari hili twaijua. Makampuni makubwa ya kutiririsha muziki, kama Spotify iliyofika Afrika Mashariki mwaka 2021, hugawa fedha kwa mtindo wa chungu kimoja. Ada za wasikilizaji wote humwagwa chunguni. Kampuni huchukua karibu theluthi moja, na zinazobaki hugawanywa kwa wenye nyimbo kwa kadiri kila wimbo ulivyosikilizwa kati ya nyimbo zote. Tuseme wewe unalipa ada yako, na mwezi mzima unamsikiliza kijana mmoja tu wa mtaa wenu. Je, fedha yako itamfikia? Ikiwa katika kila usikilizaji 100 ulioingia chunguni, 99 ni wa mastaa wakubwa, basi hata ya kwako itawaendea wao kwa kipimo hicho hicho, ingawa hukuwasikiliza hata mara moja. Na tangu mwaka 2024 Spotify imeweka sharti jingine: wimbo usiofikisha usikilizaji 1,000 katika miezi 12 haupati mrabaha wa rekodi. Msanii chipukizi ndiye anayeumia. Mwenye nacho huongezewa, naye mnyonge huambiwa arudi akikua.

Lakini je, dhuluma hii yatokana na kukosekana kwa daftari? La hasha! Makampuni hayo yana madaftari ya kutisha. Yanajua nani kasikiliza nini, saa ngapi, na aliacha wapi. Dhuluma haimo katika hesabu, imo katika kanuni ya mgao, na kanuni hutungwa na mwenye nguvu. Aprili 2021 kampuni ya SoundCloud ilianza kuwalipa baadhi ya wasanii wadogo kwa kanuni nyingine: fedha ya msikilizaji imfuate yule anayemsikiliza. Haikuhitaji blokucheni. Ilihitaji kuamua tu.

Sisi wa huku Ziwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mgeni. Babu zetu walilima pamba, na wanunuzi wakawapunja katika mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima waliweka watu wao wenyewe kusimamia upimaji, na mizani ikaanza kusema kweli. Je, walirudi nyumbani wakalala? Hawakulala. Waliunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Wakauza pamba yao wenyewe, wakamiliki na viwanda vya kuichambua. Walijua kwamba mizani ya haki mbele ya pamba isiyo yako haikuletei chakula.

Blokucheni ni mizani. Swali la pamba bado liko pale pale.

Mtazameni Solomon Linda wa Afrika Kusini. Mwaka 1939 aliimba "Mbube" katika studio ya Johannesburg. Haki za wimbo zikamtoka kwa shilingi 10. Mwaka 1961 kikundi cha Marekani, The Tokens, kikaufanya "The Lion Sleeps Tonight", ukaimbwa dunia nzima, na baadaye ukaingia katika sinema ya "The Lion King" ya mwaka 1994. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini. Binti zake walipata haki kwa mapatano ya mwaka 2006 tu, baada ya kwenda mahakamani. Sasa niambieni: kama blokucheni ingalikuwapo siku zile, ingaliandika nini? Ingaliandika, kwa usahihi na bila kufutika, kwamba Solomon Linda amekwisha kuuza. Daftari lisilofutika ni rafiki wa mwenye mkataba mzuri. Kwa mwenye mkataba mbaya, ni kaburi.

Tena daftari halijui ukweli, linajua lililoandikwa. Mpaka leo watu hubishana juu ya mtunzi wa "Malaika", wimbo ambao Fadhili William wa Kenya aliurekodi ukavuma kote. Kompyuta elfu zikikubaliana juu ya jina moja, hazitamaliza ubishi huo, maana hazikuwapo wimbo ulipotungwa. Na mwanzoni mwa mwaka 2022 tovuti moja iitwayo HitPiece ilionekana ikinadi hati za NFT za nyimbo za wanamuziki ambao hawakuulizwa. Ilifungwa baada ya wenye nyimbo kupiga kelele. Mimi nimesomea ualimu, nayajua madaftari. Daftari la mahudhurio husema mtoto yupo darasani. Halisemi kama amekula.

Wapo watakaosema, "Lakini safari hii mashabiki na wasanii ndio wenye kampuni; wanapewa tokeni na wanapiga kura." Haya, tuzitazame kura hizo. Audius ni huduma ya muziki iliyojengwa juu ya blokucheni, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2018, na mwaka 2020 ikatoa tokeni zake. Uzito wa kura hufuata wingi wa tokeni mtu alizoziweka rehani. Mwenye nyingi ana sauti kubwa, asiye nazo anasikiliza. Ndugu zangu, mfumo huu tunaujua! Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1958, sifa mojawapo ya kumpa mtu kura ilikuwa kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Tuliuita kwa jina lake, ubaguzi wa wenye mali. Ukija leo umevaa nguo ya kompyuta, tuuite demokrasia? Na Julai 2022 mwizi alipata ufa katika programu ya Audius, akajipa uzito wa kura usio wake, akapitisha azimio la kujilipa tokeni zaidi ya milioni 18, zenye thamani ya karibu dola milioni 6. Aliiba kwa kupiga kura.

Tokeni zenyewe hupanda na kushuka kama homa. Mwenye nyumba hapokei homa. Anataka shilingi, tarehe moja ya mwezi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Najua mtanijibu, "Ndugu Katibu, hata ushirika uliliwa." Ni kweli, wala sitauficha ukweli huo. Makarani waliiba, viongozi wakanenepa, na mwaka 1976 Serikali ikavifuta vyama vikuu vya ushirika nchini. Wakulima walikuwa wamelikimbia daftari la mnunuzi wakaingia katika daftari la kamati, nalo likafungiwa kabatini. Hapa ndipo penye kazi halisi ya blokucheni. Wasanii wakiwa na chama chao, hesabu za chama ziwekwe katika daftari ambalo kila mwanachama aweza kulisoma katika simu yake, na ambalo mweka hazina hawezi kulifuta usiku. Wenyewe wawe wamiliki, daftari liwe mlinzi wao. Kinyume chake ndicho anachokiuza bwana yule wa ukumbini: daftari liwe la wote, mali iwe yake.

Basi jibu langu kwa vijana wale sita, na kwa kila kijana aliye na karatasi kama ile, ni hili.

Msitie sahihi. Kwanza andikeni ninyi kwa ninyi, kabla ya kutoka studio, nani katunga maneno, nani katunga sauti, nani kapiga na nani katayarisha, na kila mmoja fungu lake. Msimwachie mtu rekodi ya asili kwa sababu ya deni la studio. Ng'ombe hauzwi kwa bei ya maziwa ya siku moja. Zipelekeni kazi zenu COSOTA, na ndugu zetu wa Zanzibar COSOZA. Na ofisi hizo zisipowajibu, njoni tuzidai pamoja, maana ni ofisi za umma. Kisha undeni ushirika wa wasanii: mtu mmoja, kura moja. Ushirika huo ndio ukae mezani na kampuni yoyote, ya chungu au ya tokeni, na kuiuliza maswali matatu. Kanuni ya mgao ni ipi? Nani ana uwezo wa kuibadilisha? Tukitaka kuondoka, tunaondoka na nyimbo zetu?

Na ninyi mashabiki, kazi yenu ipo. Mkimpenda kijana wa mtaani, mnunulieni tiketi, mtumieni hata shilingi 1,000 kwa simu. Hiyo inafika leo leo bila kupita chunguni.

Tawi letu limetoa ukumbi kila Jumamosi saa kumi alasiri kwa wasanii wanaotaka kuunda ushirika. Vijana sita wamekwisha kuandika majina. Karatasi ya bwana yule tunayo pia, haijatiwa sahihi. Atakayefika ataisoma mwenyewe, kuanzia kifungu cha saba.