Bahari ya Muanda inaanzia katika mifereji ya Bukavu

Mkaaji wa Kadutu, katika muji wa Bukavu, anaweza kuishi mpaka uzeeni bila kuona bahari hata siku moja. Muanda iko mwisho kabisa wa inchi, upande wa magharibi, na barabara ya kufika kule hakuna mtu wa Bukavu anayeihesabia. Lakini kuna njia moja inayofika bila tiketi ya ndege: maji.

Mto Ruzizi unatoka ziwa Kivu pale Bukavu na kushuka mpaka ziwa Tanganyika, karibu na Uvira. Kule Kalemie, mto Lukuga unatoka Tanganyika na kuingia Lualaba. Lualaba inapita Kindu, ikivuka Kisangani inaitwa Congo, inapita Kinshasa na Matadi, kisha inamwagika katika bahari ya Atlantika pale Banana, jirani na Muanda.

Pwani ya Congo ni fupi, karibu kilometa 37 tu. Hata hivyo serikali iliona thamani yake, na tangu mwaka wa 1992 kuna pale hifadhi ya bahari na mikoko, ile miti inayosimama ndani ya maji ya chumvi. Kati ya mizizi yake samaki wadogo wanapata pa kujificha na kukua. Usiku, kobe wa bahari wanapanda kwenye mchanga kutaga mayai. Mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo wa ngozi, anaweza kupita kilo 500. Chakula chake ni wanyama laini wanaoelea majini, wenye mwili unaoonyesha kama kioo. Sashe ya plastiki ikielea inafanana nao kabisa. Kobe anaimeza, matumbo yanaziba, na anakufa kwa njaa huku tumbo limejaa.

Ni kweli kwamba si kila sashe inayotupwa Bukavu inafika Muanda. Nyingi zinakwama njiani, na hasara yake inabaki huku huku mashariki. Takataka za plastiki zinaziba barage ya Ruzizi, zinaharibu mashini, na wakaaji wanalala gizani. Zile zinazofika Tanganyika zinaingia katika ziwa la pili kwa kina duniani, ziwa linalolisha Uvira, Fizi na Kalemie kwa ndagala na mikeke. Plastiki haiozi. Inakatika vipande vidogo, samaki anavimeza, na samaki anaishia kwenye sahani.

Wengine watauliza: watu wanakimbia vita, nani ana nafasi ya kufikiria kobe? Swali hilo ni la haki. Lakini mama aliyekimbia na watoto wake anachota maji katika mto na ziwa zile zile. Mvua ikinyesha na mfereji umezibwa na chupa, maji machafu yanaingia katika nyumba yake kwanza.

Sheria haikukosekana. Tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka wa 2017, serikali ilitia sahihi agizo la kukataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Miaka imepita, na sashe ziko katika kila soko. Ni rahisi kumnyanyasa mama anayefunga fufu au chumvi katika sashe. Kazi ngumu ni kumuuliza yule anayeziingiza kwa lori nzima.

Kwa upande wa chupa, dawa inajulikana na kila mwenye baa. Chupa ya bia ya kioo haionekani ikielea Ruzizi. Sababu ni vidanji: chupa tupu ina bei, asiyeirudisha anailipa. Hakuna aliyehitaji semina ya mazingira ili aelewe. Ujerumani iliweka mpango wa namna hiyo hata kwa chupa za plastiki tangu mwaka wa 2003, na leo anayerudisha moja anapewa senti 25 za euro.

Kinachozuia jambo hilo Congo si umaskini, kwa sababu mahali penye maskini wengi ndipo chupa yenye bei inaokotwa haraka zaidi. Wanaouza maji na vinywaji katika plastiki wanapata faida, na mzigo wa takataka wanauachia mto. Wenye mamlaka wanapaswa kuwalazimisha waweke vidanji juu ya kila chupa wanayouza, na kuipokea ikirudi.

Siku chupa ya maji itakuwa na bei hata ikiwa tupu, vijana wa Bukavu wataiokota kabla Ruzizi haijaichukua. Mvuvi wa Uvira ataona faida yake katika wavu. Na kobe wa Muanda, asiyejua hata kama Bukavu iko, atataga mayai yake kwa amani.