Maabara Kwanza, Ushauri Baadaye

Ndugu mwandishi wa makala ninayoijibu anashauri wanafunzi wa visiwani, wa mji wa Siyu kisiwani Pate wakiwemo, waelekezwe kwenye sanaa na masomo ya jamii, eti kwa kuwa maabara ni haba. Yeye auita huo uhalisia. Mimi nauita uvivu wa kufikiri.

Mtaala mpya unampa mwanafunzi wa Gredi ya 10 njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, sanaa na michezo. Anayechagua ni mwanafunzi, si ramani. Kemia ikifundishwa ubaoni tu, bila bureti wala asidi, kosa si la mtoto wala si la bahari.

Kisha anaitaja historia ya Siyu kana kwamba inamuunga mkono. Mji huu ulinakili misahafu katika karne za 18 na 19. Mnakili asiyejua wino, karatasi na vipimo vya mistari asingemaliza hata juzuu moja. Mchonga milango naye hukata mbao kwa hesabu. Kwa hiyo hata hiyo sanaa anayoipigia debe haitengani na hisabati.

Tazama pia ajira: gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Kijana wa Pate akiambiwa fizikia ni ya wengine, ataingia bandarini humo kama nani? Mpagazi.

Basi, ndugu yangu, kalamu hiyo ielekeze kwa serikali. Dai maabara na walimu wa sayansi kisiwani Pate, kabla hujawachagulia watoto wetu masomo.