Misimu ya Askari: Lugha Chafu au Ngao?

Wanachama wenzangu, wapo wanaodai ati riwaya za vita za Kimarekani hazitufai vijana kwa kuwa zimejaa lugha chafu. Mimi nakataa katakata.

Hebu mtazameni Norman Mailer. Alikuwa askari huko Ufilipino katika Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1948 akatoa The Naked and the Dead. Lile tusi kubwa la wanajeshi halikuruhusiwa kuchapishwa, basi likaandikwa "fug" kitabu kizima. Ajabu ya Musa! Watu wauawe ukurasa baada ya ukurasa, hilo lipite, halafu neno moja ndilo litie watu haya?

Lakini anayenivutia zaidi ni Tim O'Brien, aliyepigana Vietnam mwaka 1969 na 1970. Katika The Things They Carried (1990), askari wake hawapendi kusema mwenzao amekufa. Husema "greased", yaani kapakwa grisi, kama mashine vile, au "zapped". Sisi tuna tafsida: marehemu ametutoka, ameaga dunia. Tafsida hukivika kifo kanzu. Misimu ya askari hukivua nguo na kukicheka. Hata hivyo kazi ni ile ile. Ted Lavender anapigwa risasi ya kichwa akirudi kutoka haja, na wenzake wanaligeuza jambo hilo kuwa mzaha. Ni vijana wa rika la kaka zetu. Kama wangekitaja kifo kwa jina lake, kesho wangeinua mguu vipi?

Kuna jambo moja, lakini, linalonitia baridi. Mzaha huo huo unamwangukia na mtoto mchanga wa Kivietnam: maiti yake inaitwa karanga ya kukaanga. Nao Wavietnam kwa jumla ni "gook", tusi la kibaguzi. Walikopa maneno ya wenyeji ("dinky dau", kichaa, limetoka Kivietnam), lakini wenyeji wenyewe hawakuwahesabu kuwa watu. Marekani waliiita "the World", dunia. Sasa waliokuwa wakiishi Vietnam walikuwa wapi, kuzimu?

Ndiyo maana sikubaliani na anayetaka mtafsiri ayasafishe maneno haya. Akiyasafisha, atakuwa amewaosha askari damu mikononi, na sisi wasomaji tutadanganywa.

Kutafsiri kwenyewe si mchezo. Kuna neno "hump", ambalo kwao ni kutembea na mzigo mzito mgongoni. O'Brien analitumia kwa vitu vya kushikika, kisha kwa mapenzi pia. "Kubeba" ni jepesi mno. "Kusomba" kunanuka mchanga na matofali. Mimi ningesema "kujitwika", maana mtu hujitwika kuni na hujitwika huzuni. Mwenye neno bora na alilete chamani tubishane.